Shavu Lililolala

Maji ya ziwa yalipopanda hadi kizingitini kwa mama, huko Kimanga, tulitumia siku mbili kutoa vitu nje na kuvipeleka kwa dada yangu, upande wa mlimani. Ndani ya sanduku la chuma la baba, chini ya makoti yaliyoliwa na nondo, nilikuta kipande cha ngozi chenye urefu wa mkono wangu, na pete ya shaba upande mmoja. Katikati kilikuwa cheusi, kinang'aa, kimelainika. Nilikinusa kabla sijajua ninafanya nini. Ngozi kuukuu, sabuni ya kufulia, mawese kidogo. Nikaketi juu ya sanduku, miguu ikiwa ndani ya maji, na mama akaniuliza kama nimechomwa na msumari.

Baba alipofariki sikuwepo. Nilikuwa Bukavu, barabara imefungwa, na nilipofika alikuwa na siku nne kaburini. Sikuuliza nani alimwosha wala nani alimnyoa. Wa umri wangu mtanielewa: yako maswali ambayo mtu huyaacha, si kwa sababu hayana majibu, bali kwa sababu jibu lolote lingemtia wivu.

Ile ngozi ilikuwa mkanda wa kunolea wembe. Sisemi wembe wa dukani, ule mwembamba unaofunguliwa kwenye karatasi. Wa baba ulikuwa wembe wa kukunja, wenye mpini wa pembe, aliopewa na babu. Babu naye aliupata ujanani alipokuwa akipika kwa wazungu kule bandarini Kalundu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa sita, darasa la mwisho, na alikuwa na msemo wake kwamba anayesimama mbele ya watoto uso wake uwe kama ubao uliofutwa. Jumatatu, Jumatano na Jumapili, jua likichomoza upande wa Burundi ng'ambo ya ziwa, alitundika kioo kwenye msumari wa mlango, akafunga mkanda kwenye kitasa, akaupiga wembe huku na huku: pa, pa, pa, pa. Mimi niliamka kwa sauti hiyo. Nilitoka na kuketi kwenye kigoda nikiangalia povu jeupe likiondoka usoni mwake njia kwa njia, kama mtu anayefagia ua.

Nilimpenda sana baba wakati huo wa asubuhi. Lakini wembe wenyewe nilianza kuuogopa nikiwa na miaka saba hivi, siku tuliyokwenda Bwegera, kijijini kwa babu.

Babu alikuwa mgonjwa, na walitupeleka watoto wote. Tulipofika, akina mama walikuwa wamekaa nje kwenye mikeka, na hakuna aliyetuambia chochote. Nyumba ya babu ilikuwa na mlango wa mbao wenye tundu mahali ambapo zamani palikuwa na kufuli. Nikachungulia. Babu alikuwa amelala chali juu ya mkeka, shuka nyeupe hadi kifuani, na baba amepiga magoti kando yake. Mkono mmoja ulikuwa umemshika babu kidevu, mwingine unaendesha wembe. Alikuwa anazungumza naye. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Polepole, baba. Kidogo tu. Tunamaliza."

Baadaye wanaume wakaingia na sanduku. Babu akatiwa humo, akapelekwa nyuma ya shamba la mpunga, akafunikwa udongo. Siku chache baadaye baba na ndugu zake wote wakanyolewa vichwa kwa wembe ule ule.

Hakuna aliyenieleza, na mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeona yote mwenyewe. Babu alikuwa mzima, maana mtu hazungumzi na maiti. Alilazwa chini, akanyolewa na mtu mwingine, ndipo akaenda. Mtu akijinyoa mwenyewe, amesimama, hana shida. Akilazwa akanyolewa na mkono wa mwenzake, basi ametayarishwa kwa safari. Niliiweka hesabu hiyo moyoni, na kwa miaka miwili haikunisumbua, kwa sababu baba alijinyoa mwenyewe, amesimama, mbele ya kioo chake.

Kisha akaanguka darasani. Nilikuwa mwaka wa tatu, jengo la ng'ambo ya ua. Niliona walimu wanne wanatoka wamembeba, kiatu kimoja kimemtoka, na chaki bado iko kwenye mkono wa kulia kana kwamba vidole vimesahau kuiachia. Wakampakia kwenye pikipiki katikati ya motari aliyeiendesha na mwalimu mmoja. Mama aliitwa sokoni akaenda na aproni yake inayonuka ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani.

Alikaa hospitalini wiki tatu. Ni tansyo, walisema, presha ya damu. Aliporudi, mama alituketisha mimi na dada yangu akatuambia kwamba upande wa kulia wa baba umelala. Nililipokea neno hilo kama lilivyo. Kitu kinacholala huamka. Kila asubuhi kabla ya shule nilichungulia mlangoni kuangalia kama shavu la baba limeamka. Halikuwa limeamka. Lilining'inia, jicho la upande huo likawa na machozi yasiyokwisha, na mdomo ulimwaga chai. Mkono ulilala juu ya blanketi kama kitu cha mtu mwingine alichokiacha pale. Na maneno yake, yeye aliyetufundisha kusoma sisi sote mtaani, yalitoka yamevunjika, moja moja, yakiwa na mate.

Zaidi ya hayo, ndevu ziliota. Sikuwahi kujua kwamba baba alikuwa na mvi. Ziliota nyeupe na nyeusi, bila mpango, zikamfanya aonekane kama watu wale wanaolala karibu na soko. Wazazi wa wanafunzi walikuja kumsalimu, naye akageuza uso ukutani mpaka waondoke.

"Huyu mutu inafaa anyolewe," mama akasema siku moja, akiwa jikoni, hata hakuwa anazungumza nami. "Kesho baba yenu mudogo anatoka Sange. Atamulaza vizuri, atamunyoa."

Sufuria niliyokuwa nasugua iliniponyoka.

Kesho yake asubuhi, baba mdogo alipokuwa bado njiani, nilifungua droo ya baba, nikachukua wembe, nikaenda nyuma ya jiko. Kulikuwa na kuku anayeatamia ndani ya kikapu kilichopasuka. Niliuingiza wembe chini yake, chini ya majani, akanidonoa mpaka damu. Nikashukuru. Nilijua kwamba kuku yule hatamruhusu mtu kuupata.

Baba mdogo alikuja na gunia la mchele begani, mtu mkubwa, mwenye mikono ya jembe, aliyempenda kaka yake kuliko kitu chochote. Walitafuta wembe kila mahali. Mwishowe wakanituma dukani kununua wembe wa karatasi, nikaenda, kwa sababu kukataa kungenifichua. Alimlaza baba kwenye mkeka uani. Alitumia maji baridi na kipande cha sabuni, akaushika wembe kwa vidole viwili, akaanza kukwangua kwenda juu, kinyume cha nywele, kwa haraka ya mtu anayetaka jambo la aibu liishe.

Upande wa kushoto baba aliguna na kukunja uso. Upande wa kulia alinyamaza kabisa. Baba mdogo akadhani huko mambo yanakwenda vizuri, akakaza mkono.

Sisi ndio tuliiona damu kwanza. Ilishuka shingoni, ikaingia kwenye fulana, ikatanda. Baba alihisi unyevu kifuani, akainamisha macho, akaona wekundu. Akaugusa kwa mkono wa kushoto, akautazama mkono ule, halafu akatutazama sisi mmoja mmoja, kana kwamba anauliza nani kati yetu ameumia.

Alipoelewa kwamba ni yeye, alilia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia, na alilia kwa nusu ya uso tu. Baba mdogo alitupa wembe, akaenda nyuma ya nyumba, na tulimsikia huko anajigonga kifuani na kusema, "Mukubwa wangu, mukubwa wangu."

Mimi nilisubiri sanduku.

Asubuhi nilimkuta baba ameketi kitandani, uso una mistari myekundu iliyokauka, upande mmoja una ndevu na mwingine una mabaka. Alikuwa hai. Nilikaa mlangoni nikimtazama muda mrefu, na hesabu yangu ikaanza kuvunjika, na ilipovunjika nikaona kilichokuwa chini yake: ni mimi niliyeficha wembe mzuri, na kwa sababu yangu baba alikatwa kama samaki. Nikaenda kwa kuku. Nikarudi na wembe, una manyoya na mavi ya kuku, nikauweka juu ya blanketi.

"Niliuficha minye," nikasema, nikijionyesha kwa kidole.

Baba akauangalia. "Ju ya... nini?"

"Babu ulimunyoa. Ulimulaza chini ukamunyoa, ulikuwa unasema naye. Kisha mukamutia mu sanduku."

Alipangusa manyoya kwenye wembe kwa kidole gumba cha kushoto. Baba alikuwa ananiita Mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Mama," akasema. "Babu alikuwa... alisha kufa. Nilisema naye ju... minye ndiye nilikuwa sitaki aende."

Alipata neno moja kwa wakati, akipumzika katikati, na mimi nilisimama nikiyangoja. Halafu kwa mkono wa kushoto alichukua vidole vyangu, akavibandika kwenye shingo yake, chini ya taya, mahali panapopiga.

"Iko inapiga?"

"Iko inapiga."

"Basi minye niko muzima." Akausogeza wembe upande wangu. "Weye ndiye utaninyoa."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na bakuli la uji. "Mutoto huyu? Na wembe? Ku shingo?"

Baba mdogo, aliyekuwa amelala kwetu usiku ule, naye akatoa kichwa mlangoni. "Mukubwa, mutoto mwanamuke kushika baba yake kidevu? Watu watasema nini?"

"Watu," baba akasema, "wako na ndevu zao."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba alinichagua kwa sababu hapakuwa na mwingine. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, mama aliponiambia kwamba hatua ishirini kutoka nyumbani palikuwa na kinyozi, fundi wa kweli, na kwamba alikuja mwenyewe wiki ile ile kujitolea. Baba alimshukuru akamrudisha. Alimwambia mama: mtoto huyu anachungulia mlangoni kila asubuhi na haingii. Akininyoa mtu mwingine, ataendelea kuchungulia.

Hakuniruhusu niguse uso wake kwa wiki mbili. Kwanza mkanda. Uliofungwa kwenye kitasa ulipaswa kukazwa, usilegee katikati, na wembe kwenda ukitanguliza mgongo, si makali. Ukifika mwisho unaugeuza juu ya mgongo wake, kama chapati, na kurudi. Siku ya kwanza niliugeuza upande mbaya na kuuchanja mkanda karibu na pete. Nilimtazama baba. Alikuwa kwenye kiti chake uani, mkono wa kushoto kwenye mbao ya kiti. Tulikuwa tumepatana: akigonga mara moja, endelea, mara mbili, simama. Akagonga mara moja.

Kisha mapapai. Nyuma ya jiko kulikuwa na mpapai, na baba alimwomba mama achume matunda mabichi. Nilipaka povu kwenye papai kwa burashi, kwa kuzungusha, mpaka likasimama kama maziwa yaliyochemka, halafu nikatakiwa kuliondoa lote kwa wembe bila kugusa ngozi. Papai bichi halifichi kitu. Ukilikwaruza kidogo tu, hata jicho lisione mkwaruzo, linatoa matone ya utomvu mweupe, yamejipanga pale pale ulipokosea. La kwanza lililia kila mahali. Mama alilimenya akalipika na ndagala. La pili vile vile. Tulikula papai siku nyingi mfululizo, dada yangu akalalamika, na baba akala bila neno.

Kwenye papai nilijifunza ambayo nisingejifunza kwa maneno. Wembe ukiusimamisha unauma, ukiulaza kabisa unateleza bila kufanya kazi. Pana mahali katikati, karibu na kulala, ambapo unakwenda wenyewe. Ukiukandamiza umekosa. Uzito wa chuma unatosha, kazi ya mkono ni kuuongoza tu. Nilikuwa na tabia ya kubana pumzi, na baba aligonga mara mbili kila nilipobana. "Pumua," alisema. "Mutu asiyepumua... anatetemeka."

Siku papai lilipotoka kavu, la kijani, bila tone, alilipokea kwa mkono wake mzuri, akaligeuza huku na huku kwenye jua kama anasahihisha daftari. Akaniambia nichemshe maji.

Nilimnyoa akiwa ameketi. Hilo nililiomba mimi, nisimlaze, na hakuniuliza kwa nini. Niliweka kitambaa cha maji moto usoni mwake mara tatu, nikangoja, nikapaka sabuni, nikangoja tena, maana nywele nazo zinahitaji kulainika kama maharagwe. Kabla ya yote alinitaka nifumbe macho nipapase kwa vidole kujua nywele zinaelekea wapi. Mashavuni zilishuka. Shingoni, upande wa kushoto, zilipanda kuelekea sikio, na chini ya taya kulikuwa na kizingo kidogo ambamo zilizunguka kama maji ya mto penye jiwe. Kwenye kizingo kile nilipaswa kwenda kwa kipande kidogo, upana wa kucha, na kubadili njia mara tatu.

Upande wa kushoto alinisaidia. Nikikosea alikunja jicho, nikapunguza. Niliivuta ngozi kwa vidole viwili, nikaenda na nywele, fupi fupi, nikisuuza wembe kila mara. Mkono wangu ulijua kazi kuliko nilivyodhani.

Kisha nikazunguka kiti nikawa mbele ya shavu lililolala. Ngozi ya huko ilikuwa imelegea. Wembe ungeikunja na kuikata kabla sijatambua. Na hapakuwa na jicho la kunionya. Ningeweza kumkata hadi mfupa naye angeendelea kutazama ziwa. Nikauondoa wembe.

"Siwezi huku, baba. Hauko unasikia kitu."

Katika Kiswahili chetu kusikia ni kusikia maumivu, na ni kusikia sauti pia. Akagonga kiti mara moja. "Weye ndiye... sikia," akasema. "Sikia wembe."

Nikaivuta ngozi kwa vidole vitatu kwenda juu, kuelekea sikioni, mpaka ikakaza, nikauweka wembe, nikasikiliza. Ni kweli, unasema. Unapokata nywele unatoa sauti ndogo kavu, kama mtu anayetembea polepole juu ya changarawe. Changarawe inapoisha, sauti inapobadilika na kuwa ya kukwaruza, basi nywele zimekwisha na unaokula ni ngozi, ondoa. Nilinyoa shavu lote la kulia kwa masikio. Hapakutoka damu.

Kwenye mdomo wa juu palikuwa na kazi nyingine. Alipaswa kuvuta mdomo chini juu ya meno, na kwenye mashavu kuyajaza hewa ili ngozi ikaze. Alijaribu. Upande wa kushoto ulijaa. Wa kulia ulivuja, pfuuu, na povu likaniruka machoni. Nikashtuka. Baba akatoa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau, na ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka. Nami nikacheka. Mama, aliyekuwa anachekecha unga, akasimamisha chekecheo lake akabaki amelishika hewani.

Tukaendelea hivyo, Jumatatu, Jumatano na Jumapili, masika yote. Sikuwa fundi kwa siku moja. Kuna kipindi nilimwachia vipele shingoni kwa sababu nilirudia mahali palipokwisha kukauka povu, nikajifunza kwamba anayerudia hupaka upya. Nikajifunza kumalizia na maji baridi, na kipande cha shabu, lile jiwe la kuzuia damu, kwa mahali panapowasha. Nikajifunza kwamba mara ya kwanza ni ya kupunguza na mara ya pili ndiyo ya kulainisha, na kwamba mtu asitake kumaliza yote katika mara ya kwanza. Na kila mara baba alijaza mashavu. Pfuuu. Pfuuu. Mtu wa hospitali alikuwa amempa mazoezi ya uso, hakuyafanya hata siku moja, akaona haya. Lakini kwa ajili ya wembe aliyafanya. Alivuta mdomo kushoto, akavuta kulia, akanyanyua kidevu, akajaza. Herufi zilizomshinda zilikuwa zile zinazotaka midomo ifungwe, p na b na m. Hata Mama, jina langu, lilikuwa limetoka kinywani mwake likiwa na upepo ndani yake.

Asubuhi moja ya Jumatano nilikuwa karibu na pembe ya taya, upande wa kulia. Nilikuwa nimezoea, na mazoea ni mabaya. Jicho langu lilikwenda kwenye mtumbwi uliokuwa unarudi na taa zake bado zinawaka. Wembe ukasimama kidogo.

"Ayii!" baba akasema. "Mama, unaniumiza!"

Nilitupa wembe kwenye beseni. Nikaanza kulia na kuomba msamaha, nikitafuta shabu, nikimwaga maji. Sikuelewa nilichosikia. Mama ndiye aliyeelewa. Alitoka ndani mbio na sinia mkononi, akasimama mbele yake.

"Umesema nini?"

Baba alikuwa ameinua mkono wa kushoto, anaigusa ile damu. Akaibonyeza. Uso wake ukakunjwa, pande zote mbili. Akabonyeza tena.

"Inauma," akasema, taratibu, kama mtu anayesoma neno kwa mara ya kwanza.

Mama aliketi chini, pale pale kwenye matope ya maji niliyomwaga, sinia mapajani. Baba alinyoosha mkono, akanipa wembe kutoka kwenye beseni, akageuza shavu lile lile.

Si kwamba kila kitu kilirudi. Mkono wa kulia haukuamka tena. Hakuandika tena ubaoni, na baadaye walimpa kazi ya kutunza vitabu kwenye biro, ofisi ya shule. Alitembea akivuta mguu hadi mwisho. Lakini mwisho wa mwaka ule, direkteri, mkuu wa shule, alipokuja kutuambia kwamba mwalimu mwingine atasoma majina ya mwaka wa sita siku ya proklamasyo, siku ya kutangaza matokeo, baba alikataa.

"Nilianza nao minye," akasema. "Nitamaliza nao minye."

"Watakuchekelea," mama akamwambia baba, direkteri alipokwisha ondoka.

"Wacheke."

Asubuhi hiyo nilimnyoa mara mbili, taratibu, kwanza na nywele, kisha kwa kukingama. Nilipomaliza alijipapasa kutoka sikio hadi sikio, akatikisa kichwa mara moja kukubali, akaomba koti. Tulikwenda kwa miguu, yeye amemwegemea mama.

Ua wa shule ulijaa wazazi. Watoto walikuwa wameshika pakiti za poda za kuwamwagia watakaofaulu, na wengine walikwisha anza kupakana. Baba alisimama mbele ya mwaka wa sita, karatasi ikiwa imebandikwa kwenye meza kwa sababu hakuwa na mkono wa pili wa kuishikilia. Akasoma. Majina yalitoka polepole, mengine yamepinda, lakini yalitambulika, na kila mtoto aliitikia "Prezan!" kwa nguvu kuliko desturi. Alipofika kwa Byamungu alisimama.

Midomo ilijifunga, upepo ukavuja. Akarudia. Ukavuja tena. Byamungu alikuwa mtundu wa darasa, yule aliyezoea kuiga mwendo wa walimu, na alijua kwamba ni jina lake, akaangalia chini. Direkteri alisogea ili asaidie. Baba akamzuia kwa jicho. Kisha, mbele ya wazazi wote, alijaza mashavu. Mtu mmoja nyuma alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa naangalia upande wa kulia, na niliuona ukijaa, ukishika, usivuje.

"Byamungu," baba akasema.

"Prezan, mwalimu."

Mvulana akaja mbele kuchukua karatasi yake ya matokeo. Ndipo likaja jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria, hata mama. Hadi hapo direkteri ndiye aliyekuwa akigawa karatasi, na watoto walipita. Lakini Byamungu alisimama mbele ya baba na kunyoosha mkono ili amuage kama ilivyo desturi. Kwetu mtu hampi mwenzake mkono wa kushoto, ni kumdharau. Tangu augue, baba hakuwa amempa mtu yeyote mkono. Wageni walipomnyooshea aliinamisha kichwa tu.

Alibaki akitazama mkono ule wa mtoto. Halafu, polepole, akatoa wa kushoto.

Byamungu aliuangalia. Akaiweka pakiti yake ya poda chini, kwenye mchanga, akaushika mkono wa baba kwa mikono yake yote miwili, akainama.

Nyuma yake, kwenye mstari, wale wengine walianza nao kuweka chini walivyobeba, mmoja baada ya mwingine, ili wafike mbele mikono yote ikiwa mitupu.